Namna ya Kushindwa na Mtoa Huduma Bila Kufunga Duka

Unauza vitenge, viatu, simu au meshi kwenye WhatsApp, pale Kasongo au pale Kabambare. Huna rafu wala kufuli. Duka lako ni statu unayobandika asubuhi, grupu la wateja, na ukurasa wa Facebook ambao kijana fulani alikufungulia. Na duka hilo, ndugu yangu, limelala mikononi mwa watu wengine: mwenye kabini anayepokea pesa zako, mwenye pikipiki anayebeba mzigo wako, kampuni ya simu inayokuuzia mega, kijana wa matangazo, hata mama anayekuchajia simu kwa paneli yake. Siku moja utagombana na mmoja wao. Na mara nyingi utashindwa, kwa sababu yeye ameshika kitu na wewe umeshika maneno.

Kwa hiyo nakufundisha kushindwa. Kuna kushindwa kunakomeza duka lote, na kuna kushindwa ambako unapoteza kidogo leo, Jumatatu unarudi kwa mtu yuleyule, naye anakupunguzia bei kwa kuwa anaamini alikushinda. Nakutakia huku kwa pili. Fuata hatua hizi, na usimwonyeshe mtoa huduma wako.

1. Jua mapema nani atakushinda

Kampuni ya simu itakushinda. Ofisi yake kubwa iko Kinshasa, na wewe hata kufika Kindu, makao makuu ya jimbo lako la Maniema, ni zaidi ya kilomita 200 za barabara unayoijua mwenyewe. Mwenye kabini mtatoka sare, kwa sababu mnaishi mtaa mmoja na mtakutana msibani. Mwenye pikipiki, leo wewe, kesho yeye. Kijana wa ukurasa unaweza kumshinda kabisa, ila lazima uanze kabla hajajua kwamba kuna mashindano.

Ukishajua hivyo, gawa hasira yako kama unavyogawa mtaji. Wengi wetu tunaimwaga yote juu ya mwenye kabini, maana yuko karibu na ana uso. Mtandao umekatika, pesa imetoka upande mmoja na haijaonekana upande wa pili, nasi tunamtukana kijana aliyekaa chini ya mwavuli akisubiri kamisheni yake ya faranga chache. Yeye hakula chochote. Kesho ukihitaji akukopeshe inite saa tatu usiku, atakukumbuka.

2. Usimbandike kwenye statu

Najua unachotaka. Unataka picha yake, neno MWIZI kwa herufi nyekundu, na watu wote waliohifadhi namba yako wajue kwamba wewe si mtu wa kuchezewa. Sote tunataka hivyo. Usifanye.

Sababu ya kwanza ni ya biashara. Mteja wa Salamabila akiona tangazo hilo hasomi kwamba ajanti ni mwizi. Anasoma kwamba pesa ikitumwa kwako hupotea njiani. Wiki ijayo ananunua kwa mwingine, na hatakuambia kwa nini.

Sababu ya pili ni ya sheria. Kanuni ya jinai ya Kongo inaadhibu kumhusisha mtu hadharani na jambo linaloharibu heshima yake. Mawakili wanaliita kosa hilo imputations dommageables. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina pia Kanuni ya Kidijitali, nayo inayagusa makosa ya mitandaoni. Aliyekuwa na deni lako la dola 40 anapiga picha ya skrini, anakwenda nayo polisi, na kufikia jioni yeye ndiye mlalamikaji na wewe ndiye unayeulizwa maswali. Sasa utalipa wewe.

Njia ya mkato ni hii. Rekodi vokali yenye matusi yote unayoyajua, isikilize mwenyewe mara moja, uifute bila kuituma. Kisha weka statu inayokuletea sifa: "Mzigo wa Jumanne umechelewa. Waliolipa watapata Ijumaa, au nawarudishia pesa zao." Wateja wataisoma na watakusifu kwa uaminifu, na kiburi chako kitashiba vizuri zaidi. Mtoa huduma wako pia ataisoma, maana watu wa namna hiyo husoma statu zote, na atashangaa kwa nini hakutajwa. Mwache ashangae. Mtu aliyesitiriwa mbele za watu huona aibu kukataa simu yako.

3. Pesa

M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na leo kuna Airtel Money na Orange Money pia. Akaunti zetu zina mifuko miwili, wa dola na wa faranga, na kati ya mifuko hiyo miwili ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mteja anasema alituma ishirini. Ishirini zipi? Kwa hiyo taja sarafu kabla ya namba, kila mara, hata kwa ndugu yako wa tumbo moja: "dola ishirini," "faranga elfu ishirini." Mteja mpya au ajanti mpya, anza naye kwa kiasi kidogo, kiasi ambacho kikipotea utakula chakula chako bila kukilia.

Ukituma kwa namba isiyo yake, mkono wako utataka kumpigia aliyepokea. Uzuie. Piga kwanza huduma ya wateja, uwape namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, maana pesa ikishatolewa kwenye kabini hakuna tena cha kuzuia. Ukishamaliza hapo ndipo umpigie yule mtu, na hapo usiseme umeibiwa. Sema: "Yaya, nimeambiwa namba hii ni ya mtu mwaminifu." Hakuna aliyekuambia, lakini ni wachache wanaoweza kusikia maneno hayo wakakata simu. Wengi wetu hupenda kuishi kama tulivyosifiwa, walau kwa dakika tano, na dakika tano zinatosha kurudisha pesa.

Kwa pesa taslimu, mtego mkubwa ni noti ya dola iliyochanika. Kipande kidogo tu ukingoni, na sokoni hakuna atakayeipokea. Ikague mbele ya ajanti, polepole, uso kwa mwanga. Unaona haya? Basi tafuta mkubwa wa kumsingizia ukali. Mwambie: "Si mimi, ajanti. Mama ndiye anayekagua, na ni mkali." Halafu ukifika nyumbani mpe mama yako kazi hiyo kweli, ili usiwe umesema uongo. Mkubwa huyo atakufaa kila mahali. Yeye ndiye anayetaka risiti, ndiye anayetaka sahihi, ndiye aliyekataa malipo ya awali yote kwa mkupuo. Wewe unabaki mtu mzuri, rafiki wa wote, uliyebanwa tu na mama.

4. Mzigo

Hapa nitakaa, kwa sababu maduka mengi hufia hapa.

Mzigo wako unaweza kutoka Dar es Salaam, ukapita Kigoma, ukavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, kisha ukaanza safari ya nchi kavu kuja kwetu. Unaweza kushuka kutoka Kindu juu ya pikipiki. Zamani kidogo ulitoka Goma au Bukavu bila maswali mengi. Tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, njia za huko zimekuwa ngumu na ghali. Na kati ya Kasongo na Kabambare kuna zaidi ya kilomita 100, Mto Luama, tope la msimu wa mvua, na vizuizi ambavyo kila mwenye kamba anaomba kitu. Kwa hiyo msafirishaji akikuambia njia ilifungwa, huenda anasema kweli tupu. Kazi yako ni kutenganisha sababu ya njia na sababu ya bia, na huwezi kuifanya kazi hiyo baada ya mzigo kuchelewa. Inafanywa kabla haujaondoka.

Ugomvi huu ni wa zamani katika nchi yetu. Mwezi wa Oktoba 1876, katika eneo hilihili la Kasongo, msafiri Henry Morton Stanley alikuwa anatafuta mtu wa kumsindikiza kushuka Mto Lualaba. Akampata Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mwenye watu na bunduki nyingi. Kwa maandishi ya Stanley, walipatana dola 5,000 kwa miendo 60, kila mwendo masaa manne. Angalia mkataba huo ulivyokaa. Hausemi "mpaka mbali" wala "mpaka tutakapofika." Unataja idadi, unataja mwendo mmoja ni masaa mangapi, na unataja nani atapoteza nini akiacha njiani. Wangapi kati yetu wameandika hivyo na mwenye pikipiki?

Wakaondoka Nyangwe mwanzoni mwa Novemba. Msitu ukawabana, watu wakaugua, na baada ya siku si nyingi Tippu Tip akasema inatosha, anarudi. Stanley alikuwa na karatasi iliyosainiwa, lakini msituni hapakuwa na tribinali ya kumpelekea. Angeweza kusimama pale akisoma mkataba kwa sauti. Alichofanya ni kupatana upya: miendo 20 zaidi, dola 2,600. Walitembea, na mwishoni mwa Desemba wakaagana mtoni, kila mmoja akaenda zake. Kwa mteja aliyeachwa katikati ya msitu, hiyo ni kazi nzuri. Alishindwa mkataba mmoja akapata safari aliyoihitaji.

Kosa lao lilikuja baadaye. Stanley aliandika bei yake katika kitabu chake. Tippu Tip, katika simulizi ya maisha yake aliyoiandika kwa Kiswahili, akataja dola 7,000 na kulalamika kwamba ahadi hazikutimizwa. Safari moja, bei mbili, na kila mmoja ana kitabu. Mwaka 1887 wakafunga mkataba mwingine Zanzibar, safari hii wa wapagazi 600, nao ukaharibika vibaya kuliko wa kwanza mpaka Stanley akafungua kesi kulekule Zanzibar. Na wale waliobeba mizigo yenyewe vichwani, wengi wao watumwa, hakuna aliyewauliza bei yao. Nawataja kwa sababu hata leo, mimi na wewe tunapogombania koli la vitenge, aliyelala njiani nalo kwenye mvua ni kijana ambaye pikipiki si yake na jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Kabla hujamkaba shingo, uliza pikipiki ni ya nani.

Sasa fanya hivi. Pima mzigo mbele yake na upige picha ukiwa juu ya mizani, naye aonekane pembeni. Mwambie asimame vizuri, atafurahi. Ufunge kwa skochi ya rangi isiyouzwa sokoni kwenu, ili aliyefungua njiani ashindwe kuufunga tena. Weka orodha ya vitu ndani na orodha ileile nje. Mkataba uwe mistari minne kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili zilizo sawa neno kwa neno: vitu gani, kutoka wapi mpaka mkononi mwa nani, siku gani, bei gani. Nusu alipwe anapoondoka, nusu alipwe mzigo ukipokelewa na mtu mwenye jina.

Faini ya kuchelewa usiandike. Ataisaini akicheka, na hatalipa. Mwahidi zawadi ya kuwahi. Mtu mwenye pikipiki anajiona dereva bora wa Maniema nzima, na zawadi inampa nafasi ya kulithibitisha hilo kwa gharama ndogo kwako.

Mzigo ukipotea kweli, usimdai pesa mtu ambaye mali yake yote ni magurudumu mawili. Hana, na kadiri unavyomdai ndivyo atakavyobadilisha njia akikuona. Mdai safari. Safari tano za bure kwenda Kabambare zinalipika. Dola 100 hazilipiki. Tena kila safari anayokufanyia inamrudisha mlangoni kwako, na anayekuja mlangoni kwako huwezi kumwita mtoro. Safari ya tatu mpe chai.

5. Kampuni ya simu na watu wa mega

Umenunua mega, zimeyeyuka kabla ya saa sita mchana. Umepiga simu, mashine imekuimbia muziki. Umepiga tena. Hapa, peke yako, umeshindwa, na njia nzuri ya kushindwa ni kukubali haraka: kila dakika unayopigana na mashine hiyo ni mteja ambaye hukumjibu. Jiwekee kikomo. Simu mbili, ujumbe mmoja ulioandikwa, basi, rudi dukani. Na uwe na laini ya kampuni ya pili, ili hasira yako ipate pa kwenda.

Nimesema peke yako. Kumbuka RAM. Mnamo Septemba 2020 serikali ilianzisha rejista ya simu za mkononi, na malipo yakaanza kukatwa kwenye inite zetu moja kwa moja, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu za 3G na 4G. Uliweka inite zako kwa ajili ya kazi, zikaondoka. Watu walilalamika kila kona ya nchi; vijana wa kundi la kiraia la LUCHA walilalamika, wabunge walilalamika, wauza inite walilalamika. Mwaka 2022 malipo hayo yakaondolewa. Kwa hiyo usiniambie kelele za wadogo hazifiki Kinshasa. Zinafika zikiwa nyingi na zikisema jambo moja.

Basi tafuta wauzaji wenzako kumi wenye malalamiko yaleyale. Najua wengine ni washindani wako, na yupo aliyekuibia picha za vitenge vyako. Mwite pia, na mwambie sahihi yake ndiyo yenye uzito. Atakuja na kalamu yake. Andikeni barua moja kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, yenye tarehe, saa, namba za simu na kiasi kilichopotea, bila machozi na bila vitisho. Nakala iende ARPTC, mamlaka ya usimamizi wa mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Inawezekana jibu lisije. Lakini barua ya watu kumi yenye mhuri wa kupokelewa ni kitu, na mkiandika ya pili mtataja ya kwanza.

Kuhusu wifi ya tiketi nitapita haraka. Starlink ilikatazwa na ARPTC Machi 2024, na Mei 2025 ikapewa leseni. Ukikuta mtaani mtu mwenye antena anauza wifi kwa masaa, usimuulize kasi. Muulize betri. Wifi inaisha paneli inapoisha, na tiketi ya saa 24 kwa mtu mwenye betri moja ni tiketi ya mchana.

6. Mpe ushindi, wewe chukua kilicho chako

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo wengi wanaikataa kwa sababu inauma.

Ugomvi wa dola 30 hauko kwenye dola 30. Mtoa huduma wako alishawaambia wenzake kwamba hakukosa, mke wake amesikia, na sasa akikulipa ataonekana mwongo. Maadamu kulipa kunamvua nguo, hatalipa. Mpe basi mahali pa kulipa akiwa amevaa vizuri. Nenda kwake asubuhi, kabla ya watu, bila shahidi, na umsalimie inavyopasa:

"Salaam aleikum, Papa. Umeamkaje? Watoto?"

"Wazima. Umekuja kwa ile habari?"

"Nimekuja kwako kwa kuwa wewe ni mtu mzima hapa mtaani. Hesabu zangu nadhani sikuzieleza vizuri siku ile. Nisaidie nusu, mambo yaishe kati yetu."

"Unaona? Sasa unasema kama mtu. Siku ile ulikuja na makelele."

Meza. Usimjibu kuhusu makelele. Anatafuta mkono wake mfukoni, na ukifungua mdomo sasa ataurudisha. Nusu ya leo ni kubwa kuliko nzima ya mwaka ujao, na utakapotoka hapo atawaambia wenzake kwamba ulikuja kuomba msamaha. Acha waambiwe. Wewe hesabu noti zako, ukague kingo zake, uzitume kwa mteja aliyekuwa anasubiri.

Akikataa, tafuta mzee. Kosa linalofanywa hapa ni kumleta mzee unayemheshimu wewe. Mlete anayeheshimiwa na yeye: imamu wake, katekista wake, mwalimu aliyemfundisha darasa la tano, mjomba aliyemlipia mahari. Kasongo ni mji wa misikiti ya zamani na makao ya jimbo Katoliki tangu 1959. Haikosi watu ambao mbele yao mtu huona aibu kusema uongo. Mzee huyo mwambie ukweli wote, pamoja na sehemu ambayo wewe ulikosea, kwa sababu mwenzako ataisema hata hivyo, na ikitoka kinywani mwako haina nguvu tena.

Tribinali ya amani, Tripaix, iwe ya mwisho. Sikuambii uiogope. Nakuambia uhesabu: siku za kwenda na kurudi, duka lililofungwa, nakala, nauli za mashahidi na chakula chao. Lakini nenda kwa mzee ukiwa na faili kana kwamba unakwenda Tripaix. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu 12 Septemba 2012, na sheria ya biashara ya huko inakubali kwamba dhidi ya mfanyabiashara jambo la biashara lithibitishwe kwa njia yoyote, hata ya kielektroniki. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi. Vokali aliyokuahidi ndani yake Ijumaa ni ushahidi. Sheria hiyohiyo ina nafasi ya mfanyabiashara mdogo, yule wanayemwita entreprenant, na inamtaka aandike siku kwa siku kilichoingia na kilichotoka. Wazee wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari. Likiwa mezani mbele ya mzee, limefunguliwa kwenye tarehe husika, huhitaji kupaza sauti. Na mwenzako, ambaye amekuja na kumbukumbu tu, ataanza kuzungumzia nusu yeye mwenyewe.

Lionyeshe mara moja, ulifunge. Ukimsomea kurasa zote utakuwa umemrudisha kwenye ugomvi wa heshima, na hapo hakuna anayelipa.

7. Ukurasa, na laini ya simu

Kijana aliyekufungulia ukurasa wa Facebook alifanya hivyo kwa simu yake, kwa barua pepe yake, na neno la siri liko kichwani mwake. Umemlipa kwa nguo mbili na ahadi. Ana kipaji, anajua rangi, wateja wanasifu matangazo yake, na sifa hizo zinakuja kwako wakati yeye hatajwi. Hapo ndipo chuki inapoanzia. Siku mtakapokosana kuhusu malipo ya mwezi atabadilisha neno la siri, na wafuasi uliowatafuta kwa miaka watakuwa wake.

Kwa hiyo mshinde sasa, mkiwa bado mnacheka pamoja. Mwombe akuongeze kuwa msimamizi mwenye mamlaka kamili ya ukurasa. Sema mama anataka. Ukishapata, usimwondoe. Andika jina lake chini ya kila tangazo analotengeneza, "kazi ya fulani," na simu yake ukitaka. Atapata wateja wengine kupitia kwako na hatakuwa na sababu ya kukuteka. Mlipe kwa tangazo, mkononi, siku hiyohiyo. Kijana asiyekudai chochote halali akiwaza neno la siri. Na kama alishalibadilisha, usianze na polisi. Anza na malipo unayojua moyoni kwamba hukuyamaliza.

WhatsApp yenyewe iwekee uthibitisho wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita, na isiwe tarehe yako ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye Facebook. Usimpe mtu yeyote msimbo unaoingia kwa ujumbe mfupi, hata akijitambulisha kwa jina la kampuni, hata akikuita mama kwa upole.

Limebaki moja, nalo ni kubwa kuliko hayo mengine yote. Wengi wenu mlinunua laini haraka, sokoni, imesajiliwa kwa kadi ya mpigakura ya mtu mwingine: kaka, mpangaji mwenzako, muuza laini mwenyewe. Mwenye jina anaweza kwenda ofisini kesho na kadi yake, akaomba laini mbadala, na kuanzia saa hiyo pesa zako, wateja wako na grupu lako vinaita mfukoni mwake. Katika ugomvi huo hakuna hatua yangu hata moja itakayokusaidia, wala mzee, wala daftari. Kama laini ya duka lako haiko kwa jina lako, toa pesa zilizomo jioni hii, na kesho asubuhi chukua kadi yako ya mpigakura ya CENI, mchukue na huyo mwenye jina, muende pamoja mkaibadilishe.